Kutoka Zizi la Farasi Hadi Nyota Nne: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vyeo vya Juu vya Jeshi

Naishi Lanet, hapa Nakuru, na nilifundisha historia hadi nikastaafu. Kila makadeti wanapohitimu katika chuo cha kijeshi na Rais akaja kuwatunuku kamisheni, helikopta huzunguka juu ya mabati yetu na maswali huanza: kwa kinyozi, kwenye stendi ya bodaboda, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Mimi si mwanajeshi na sijawahi kuvaa sare isipokuwa ya skauti. Lakini vyeo hivi vina historia tamu kuliko watu wanavyodhani, na nimechoka kuisimulia kipande kipande. Ndiyo hii sasa.

Cheo cha juu kabisa katika jeshi la Kenya ni kipi, na wangapi wanacho?

Ni jenerali, na anayekishika akiwa kazini ni mmoja tu: Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Kwa sasa ni Jenerali Charles Kahariri, aliyeteuliwa Mei 2024. Chini yake wako luteni jenerali wachache, kisha meja jenerali, kisha brigedia, halafu kanali na wengine hadi kwa luteni mchanga anayetoka uwanja wa gwaride na viatu vinavyong'aa kama kioo.

Ukiangalia majina ya karibuni utaona jambo. Jeremiah Kianga alitoka jeshi la nchi kavu, Julius Karangi jeshi la anga, Samson Mwathethe jeshi la majini. Kisha mzunguko ukaanza upya: Robert Kibochi nchi kavu, Francis Ogolla anga, Kahariri majini. Zamu inazunguka kama ya maji mtaani kwetu, ila hii haikatizwi.

Meja ni mkubwa kuliko luteni. Mbona basi luteni jenerali ni mkubwa kuliko meja jenerali?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na kijana mmoja wa bodaboda aliniambia waziwazi kwamba wazungu walikosea kuandika. Hawakukosea. Waliacha maneno njiani.

Rudi nyuma hadi majeshi ya Ulaya ya karne ya 16 na 17. Neno "jenerali" halikuwa cheo. Lilikuwa sifa tu, likimaanisha "wa wote" au "wa jumla". Kikosi kidogo kilikuwa na kapteni, yaani kichwa chake. Alikuwa na luteni wake, neno la Kifaransa lenye maana ya mtu anayeshika nafasi: kapteni akiwa hayupo, luteni ndiye yeye. Na alikuwapo sajini meja, aliyepanga safu, akahesabu watu na kuhakikisha kila mmoja yuko mahali pake.

Jeshi zima likahitaji watu watatu wa namna hiyo hiyo, lakini wa jeshi lote. Akawapo kapteni jenerali, luteni jenerali na sajini meja jenerali. Fikiria shule ya kwetu: mwalimu mkuu, naibu wake, na mwalimu wa zamu anayepiga kengele na kupanga wanafunzi mistarini. Hakuna anayeshangaa naibu akiwa mkubwa kuliko mwalimu wa zamu.

Baadaye ulimi ukachoka. Kapteni jenerali akaitwa jenerali tu. Sajini meja jenerali akapoteza "sajini" akabaki meja jenerali. Luteni jenerali hakupoteza kitu. Kwa hiyo meja jenerali hana undugu na meja tunayemjua leo. Asili yake ni sajini.

Kwa hiyo Inspekta Jenerali wa Polisi ni jenerali?

Hapana. Pale "jenerali" imebaki na kazi yake ya zamani, yaani inspekta wa jumla. Polisi si jeshi.

Fildi marshali ametoka wapi?

Zizini. Sifanyi mzaha. Katika Kijerumani cha kale neno hili liliunganishwa kutokana na maneno mawili, moja la farasi na jingine la mtumishi. Marshali wa kwanza alikuwa mtu wa kulisha farasi wa bwana wake na kuwatibu kwato. Lakini enzi ambazo vita vilipiganwa juu ya farasi, mtu anayeshika farasi wa mfalme alishika pia vita vya mfalme. Ndivyo mtumishi wa zizi alivyopanda polepole, kizazi baada ya kizazi, mpaka akapewa fimbo ya dhahabu na majeshi ya kuamuru.

Uingereza ilichelewa kukichukua cheo hiki. Ni Mfalme George II, mzaliwa wa Hanover huko Ujerumani, aliyekianzisha mwaka 1736. Napoleon naye alipojitawaza mwaka 1804 aliteua marshali 18 kwa mpigo.

Ile fimbo ina kisa chake. Juni 1813 Wellington, jenerali wa Uingereza, aliwapiga Wafaransa kule Vitoria, Hispania, na askari wake wakaokota fimbo ya Marshali Jourdan katika mizigo iliyoachwa. Wellington akaituma London kama zawadi. Mwanamfalme aliyekuwa akitawala kwa niaba ya baba yake akamjibu kwa kumtumia fimbo ya Uingereza, pamoja na cheo cha fildi marshali. Umetuma rungu la mtu, unarudishiwa lako.

Waingereza wenyewe wameacha kukitoa kwa kawaida tangu miaka ya 1990. Siku hizi ni heshima, wala mkuu wa majeshi yao hakipati kwa sababu tu ya kazi yake.

Na kanali? Na brigedia?

Kanali anatokana na neno la Kiitaliano la safu ya askari. Aliongoza safu, basi. Brigedia aliongoza brigedi. Kwa desturi ya Waingereza brigedia si jenerali bado. Kwa Wamarekani, ambao humwita brigedia jenerali, tayari amevuka mlango. Sisi tulirithi jina la Waingereza.

Kenya tuna bahari na tuna ziwa. Admirali wetu yuko wapi?

Hatuna. Jeshi letu la majini hutumia vyeo vilevile vya nchi kavu, ndiyo maana Mwathethe na Kahariri, watu wa meli, wote ni majenerali. Vivyo hivyo jeshi la anga: Waingereza wana marshali wa anga, sisi hatuna.

Lakini neno admirali tusiliache lipite hivi hivi, maana ni ndugu yetu. Linatokana na Kiarabu, *amiri*, mwenye kuamuru, na hasa amiri wa bahari. Wazungu walilichukua katika bahari ya Mediterania, wakalikata mkia, wakalitia *d* isiyo na sababu. Sisi tulilichukua pwani likiwa zima. Kwa hiyo Rais wetu anapoitwa Amiri Jeshi Mkuu, anaitwa kwa neno lililomzaa admirali.

Na kuna *jemadari*. Kiswahilini jemadari ni mtu mkubwa, kiongozi wa majeshi, mtu wa kuimbwa katika tenzi. Katika jeshi la Waingereza kule India, jemadari alikuwa ngazi ya chini kabisa kati ya maafisa wa Kihindi. Neno lilivuka Bahari ya Hindi likiwa dogo, likashuka forodhani likiwa kubwa. Nampongeza.

Rais basi ana cheo gani cha jeshi?

Hana. Uamiri jeshi mkuu ni madaraka anayopewa na Katiba, siyo cheo cha kupanda ngazi. Anaweza kuvaa sare. Akimaliza muhula anaivua.

"Jenerali wa nyota nne" maana yake nini hasa? Nimetazama mabega sikuziona nyota nne.

Umetazama vizuri. Hesabu hiyo ni ya Wamarekani, ambao majenerali wao huvaa nyota moja hadi nne zilizopangwa mstari. Majeshi yaliyolelewa na Waingereza yanamtambulisha jenerali kwa upanga na fimbo vilivyopishana, pamoja na alama nyingine juu yake. Magazeti hupenda nyota kwa sababu msomaji anaelewa haraka, na majeshi yanayoshirikiana yanahitaji kujua nani analingana na nani. Ukisikia nyota nne Kenya, elewa "sawa na yule wa Marekani mwenye nyota nne".

Nyota tano zilikuja Desemba 1944. Wamarekani walijikuta vitani bega kwa bega na fildi marshali wa Uingereza, na majenerali wao wakawa wadogo mezani ingawa askari wao walikuwa wengi. Wakatunga cheo kipya kwa ajili ya Marshall, MacArthur, Eisenhower na Arnold, na wengine wa majini. Wa mwisho kukipata alikuwa Omar Bradley mwaka 1950, aliyefariki 1981. Baada yake hakuna.

Kuna kilichowahi kuzidi fildi marshali?

Watu hawakosi kujitafutia. Stalin alifanywa jenerali mkuu wa wote, *generalissimo*, mwaka 1945. Göring alitungiwa cheo chake peke yake mwaka 1940 ili awe juu ya marshali wengine wa Hitler. Wamarekani walimpa Pershing, jenerali wao wa Vita Kuu ya Kwanza, cheo cha Jenerali wa Majeshi Yote mwaka 1919, kisha wakakumbuka kwamba George Washington, baba wa taifa lao, alikufa mwaka 1799 akiwa na cheo cha chini kuliko wengi waliomfuata. Mwaka 1976 Bunge lao likampandisha cheo marehemu ili asije akazidiwa na mtu yeyote.

Lakini cheo kikubwa si kinga. Wasovieti walipoanzisha umarshali mwaka 1935 waliteua watano. Kufikia 1939 watatu walikuwa wamekufa mikononi mwa serikali yao wenyewe, akiwamo Tukhachevsky aliyepigwa risasi Juni 1937.

Ni kweli kuna mtu aliyepandishwa cheo ili ajiue?

Ndiyo. Friedrich Paulus aliongoza jeshi la Wajerumani lililozingirwa Stalingrad, njaa na baridi vikiwamaliza askari wake. Tarehe 30 Januari 1943 Hitler alimpandisha kuwa fildi marshali. Maana yake ilieleweka na kila mtu: hakuna fildi marshali wa Kijerumani aliyewahi kutekwa akiwa hai, kwa hiyo ajue la kufanya. Kesho yake Paulus alitekwa akiwa hai. Aliishi hadi 1957. Umarshali wake uwanjani ulidumu siku moja.

Kuna fildi marshali aliyepigana huku kwetu?

Jan Smuts wa Afrika Kusini, ingawa wakati huo alikuwa luteni jenerali. Mwaka 1916 alikuja kuwafukuza Wajerumani wa Tanganyika, akateka ardhi kubwa, lakini kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, akamponyoka kama kambare. Uingereza ilimpa umarshali mwaka 1941. Waliobeba vita hivyo kichwani, kwa maana halisi, walikuwa wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, wengi wao wakiwa wametolewa Nyanza na magharibi, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Hao hawakuwa na cheo chochote. Walikuwa na nambari.

Idi Amin alikuwa fildi marshali wa kweli?

Alijipa mwenyewe mwaka 1975, akiwa rais, na hakukuwa na wa kumkataza. Ukitaka kujua kama ni wa kweli, jiulize nani aliyemkagua.

Safari yake lakini inafaa kuijua. Aliingia Keya (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mwaka 1946. Miaka ya 1950 alikuwa hapa Kenya akipigana na Mau Mau. Mwaka 1961 akawa luteni, mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupata kamisheni. Alipoipindua serikali ya Obote Januari 1971 alikuwa meja jenerali. Yaani miaka 10 ilimtosha kutoka luteni hadi ikulu. Wenzake wa enzi hizo walifuata njia hiyo hiyo: Bokassa wa Afrika ya Kati, aliyekuwa kapteni katika jeshi la Ufaransa, alijifanya marshali mwaka 1974, kisha kaizari, naye Mobutu wa Zaire akawa marshali mwaka 1982.

Kwetu huku Amin hakuwa hadithi ya mbali. Februari 1976 alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, karibu ifike Nairobi. Kisumu ndani, Nakuru ndani. Wazee walikasirika, lakini hakulitoa hewani: hadi mwaka 1902 Kisumu na Naivasha zilikuwa kweli katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda, kabla Waingereza hawajausogeza mpaka. Kenyatta hakutaka somo la historia. Watu waliandamana, na Amin, ambaye bidhaa zake zote zilipita Mombasa, akarudi nyuma kwa maneno laini. Miaka mitatu baadaye Watanzania waliingia Kampala. Katika jeshi lao hakukuwa na fildi marshali hata mmoja.

Na Dedan Kimathi? Huyo alipewa na nani?

Hapa majirani zangu hugawanyika, basi nitasema ninavyoona. Jeshi rasmi la Kenya halijawahi kuwa na fildi marshali. Wapiganaji wa Mau Mau msituni walikuwa nao: Kimathi, Musa Mwariama, na Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo hicho. Walipewa na wenzao waliokuwa tayari kufa chini ya amri yao. Ukinilazimisha nilinganishe cheo hicho na kile cha Kampala, sitachukua muda mrefu.

Kwa nini vyeo vya Kiingereza katikati ya vita vya kumfukuza Mwingereza? Wengi walikuwa wametumika katika jeshi lake. Waruhiu Itote, aliyekuja kuitwa Jenerali China, alipigana Burma akiwa na Keya, na huko hakuvuka ukoplo. Mwafrika alipigania Uingereza akirudi na tepe mbili begani. Msituni akajipa kile alichoona mzungu amekinyima. Ukijiita jenerali, unamwambia adui kwamba hili ni jeshi, si genge.

Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Muthoni alikaa na nywele zake za msituni hadi 2022, ziliponyolewa hadharani na Mama Ngina Kenyatta. Akafariki Septemba 2023, na magazeti yote yakamwandika Fildi Marshali bila alama za kunukuu.

Lanet inaingiaje katika historia hii, mbali na gwaride?

Inaingia kwa maasi. Januari 1964, hata miezi miwili ya uhuru haijatimia, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi hapa Lanet. Wiki hiyo hiyo Tanganyika iliasi, Uganda kule Jinja ikaasi. Kilio kilikuwa kimoja: mishahara midogo, na maafisa bado ni wazungu. Bendera imebadilika, bwana mkubwa yuleyule. Majeshi ya Uingereza ndiyo yaliyoitwa kuyazima maasi, na aibu hiyo haikuhitaji kuelezwa.

Jeshi la nchi kavu lilipata kamanda Mkenya mwaka 1966, Joseph Ndolo, ambaye baadaye akawa mkuu wa majeshi yote akiwa meja jenerali. Alijiuzulu mwaka 1971 baada ya jina lake kutajwa katika njama ya mapinduzi. Akafuata Jackson Mulinge, Mkenya wa kwanza kufikia ujenerali kamili.

Ni kweli aliyejaribu kupindua serikali 1982 hakuwa hata afisa?

Kweli. Hezekiah Ochuka wa jeshi la anga alikuwa na cheo cha pili kutoka chini. Kwa saa chache za tarehe 1 Agosti alijitangaza mtawala wa nchi iliyokuwa na Jenerali Mulinge. Mahamoud Mohamed, afisa wa nchi kavu, aliongoza kuikomboa Sauti ya Kenya, redio ya taifa. Baadaye naye akawa jenerali. Ochuka alikimbilia Tanzania, akarudishwa, akanyongwa mwaka 1987.

Jenerali Ogolla alichukua muda gani kufika juu?

Swali hili huulizwa sana na jamaa zangu wa upande wa Kisumu na Siaya. Francis Ogolla aliingia jeshini mwaka 1984, akawa luteni mwaka 1985, akarusha ndege za kivita, akawa kamanda wa jeshi la anga, na mwaka 2023 akapandishwa kuwa jenerali. Miaka 38 tangu kamisheni. Mlinganishe na Amin mwenyewe.

Tarehe 18 Aprili 2024 helikopta yake ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, akafa pamoja na wengine tisa. Alikuwa ameacha maagizo kwamba azikwe haraka na bila jeneza. Siku tatu baadaye alizikwa kwao Ng'iya, Alego. Nilikuwa nimesafiri kwenda Kisumu wikendi hiyo. Katika matatu ya kurudi, mabishano hayakuwa juu ya siasa. Yalikuwa juu ya jeneza: jenerali mzima, Mjaluo, azikwe hivyo? Mama mmoja mwenye kikapu cha omena akayamaliza kwa kusema amri ya jenerali hufuatwa.

Mwanamke amefika wapi?

Fatuma Ahmed, aliyeingia mwaka 1983, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa brigedia na wa kwanza kuwa meja jenerali, mwaka 2018. Mei 2024 akakabidhiwa jeshi la anga. Nyota nne bado.

Nikikutana na jenerali mjini, nimwiteje?

Afande. Inatosha kwa kila afisa, wa juu na wa chini. Ni neno la Kituruki, *efendi*, lenye maana ya bwana, nalo Waturuki walilitoa kwa Wagiriki. Lilifika kwetu na askari wa Kisudani walioletwa Uganda miaka ya 1890, wale waliokuja kuasi kule Ravine mwaka 1897. Keya ilipoundwa mwaka 1902, neno likaingia nao kambini. Waingereza waligeuza *efendi* kuwa cheo miaka ya 1950, kikomo cha Mwafrika kabla ya kamisheni; Amin alikipata mwaka 1959.

Cheo chenyewe kimekufa. Jina limebaki, na halibagui: jenerali ni afande, na konstebo atakayesimamisha matatu yenu pale Salgaa usiku huu ni afande vilevile.